Mashine ni Utingo, Usukani ni Wetu

Somo kwa viongozi wa matawi, kutoka Uganda



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo miaka michache iliyopita hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria, nalo ni matumizi ya akili mnemba katika kazi za chama. Wengine huiita akili bandia. Tangu mwisho wa mwaka 2022, programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, mashine za namna hii zimeingia katika simu zetu moja baada ya nyingine. Leo katibu wa tawi akiwa Malaba, Katuna au Mutukula anaweza kuiuliza swali na kupata jibu kabla chai yake haijapoa.

Hatuandiki somo hili kama wataalamu. Sisi ni madereva wa magari marefu na watu wa gereji, na wengi wetu tulisoma hadi darasa la saba. Tunaandika kwa sababu tuliitumia mashine hii vibaya, na aliyelipa gharama si sisi viongozi bali ni mwanachama wetu. Yafaa mwenzako aonywe na shimo ulilotumbukia wewe.

1. HABARI YA NDUGU YETU DEREVA

Mwanzoni mwa mwaka 2024 dereva mmoja, mwanachama wetu kwa miaka 9, aliachishwa kazi. Alikuwa akiendesha lori la kampuni moja ya hapa Uganda, akipeleka mizigo kutoka Mombasa hadi Elegu, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Lori hilo lilikuwa limefungwa kifaa cha kupima mafuta ndani ya tangi, na kifaa hicho hupeleka habari ofisini mchana na usiku. Asubuhi moja karatasi iliyotoka katika kompyuta ilionyesha kwamba usiku ule, lori likiwa limesimama, lita 60 zilipungua. Dereva alieleza kwamba aliegesha gari mahali penye mteremko, mafuta yakaegemea upande mmoja, na kipimo kikasoma vibaya. Kila dereva anajua kwamba jambo hilo hutokea. Lakini hakuna aliyemsikiliza. Kesho yake akapewa barua ya kufukuzwa kwa wizi wa mafuta.

Kesi yake ilikuwa nzuri. Sheria ya Uganda inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake, kisha amsikilize, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu wa kumsindikiza. Hayo yote hayakufanyika.

Ndugu yetu alikuja ofisini petu na barua mkononi. Katibu wetu, kijana mwenye bidii, akachukua simu akaiuliza mashine: dereva aliyefukuzwa bila kusikilizwa ana muda gani wa kudai haki yake? Mashine ikajibu kwa Kiswahili kizuri, ikataja na kifungu cha sheria, ikasema ana miaka 3. Mwenyekiti akalisoma jibu kwa sauti. Sote tulikuwapo, na hakuna aliyeuliza jibu hilo limetoka wapi. Tukaona muda ni mwingi. Tulikuwa katika pilikapilika za uchaguzi wa tawi, kwa hiyo tukamwambia asubiri kwanza uchaguzi umalizike.

Ndugu wasomaji, miaka 3 ni muda wa kufungua madai ya kazi mahakamani kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2007. Sisi tuko Uganda. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, na akichelewa hana budi kuonyesha sababu ya haki. Na kama angekuwa ameajiriwa Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi ungetakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ni barabara moja, mizigo ile ile na madereva wale wale, lakini muda ni wa namna tatu.

Tulifika kwa afisa wa kazi baada ya miezi mitano. Akasoma karatasi zetu, akatutazama.

"Wazee, sababu ya kuchelewa ni nini?"

Katibu akatoa simu, akamwonyesha. Afisa akaisoma polepole, akairudisha.

"Hii ni sheria ya wenzetu wa ng'ambo ya mpaka," akasema. "Na hata ingekuwa yetu, simu si shahidi."

Malalamiko hayakupokelewa. Tulipotoka nje ndugu yetu dereva hakutugombeza. Alituuliza jambo moja tu: "Kwani hamkuwa na mtu wa kumwuliza?" Tulikuwa naye. Mwanasheria wa chama yuko makao makuu, na namba yake imebandikwa ukutani katika ofisi yetu, juu ya meza ile ile tuliyokalia siku ile.

Leo ndugu huyo anaendesha bodaboda. Ada ya chama bado analipa, jambo ambalo linatuumiza kuliko kama angeacha.

2. MASHINE HII NI KITU GANI

Kabla ya kutumia chombo, dereva hupenda kujua kinavyofanya kazi. Tueleze kwa maneno ya kawaida.

Waliotengeneza mashine hii waliilisha maandishi mengi mno: vitabu, magazeti, sheria, barua na mazungumzo ya watu. Katika maandishi hayo ilijifunza neno gani kwa kawaida hufuata neno gani. Unapoiuliza swali haiendi kwenye kabati kutoa faili lenye jibu. Inaunganisha maneno, moja baada ya jingine, kwa namna inayofanana na majibu iliyowahi kuyasoma. Mara nyingi maneno hayo huwa sahihi. Mara nyingine huwa si kweli kabisa, lakini hutolewa kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Tuchukue mfano wa kijiweni. Kuna mtu hajawahi kupanda lori hata siku moja, lakini amekaa miaka 20 karibu na maegesho akisikiliza hadithi za madereva. Ukimwuliza habari za mteremko wa Mai Mahiu atakueleza kila kona. Ukimwuliza habari za barabara ambayo madereva hawakuisimulia sana, hatasema sijui. Atachukua kona ya barabara nyingine aitie hapo. Hivyo ndivyo ilivyotutokea. Mashine imesoma maandishi mengi ya Marekani na Ulaya, machache zaidi ya kwetu, na ya Kiswahili ni machache kuliko ya Kiingereza. Palipokuwa na pengo la sheria ya Uganda, ikaweka sheria ya jirani.

Jambo jingine ni kwamba dunia hubadilika baada ya mashine kulishwa. Hapa Uganda sheria zilipangwa upya, na toleo jipya likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Vifungu vingi vikabadilika namba. Anayetegemea maandishi ya zamani ataandika namba ya kifungu ambacho leo kinasema habari nyingine.

3. KAZI INAZOWEZA KUPEWA

Mtu asifikiri kwamba tunasema simu zitupwe mtoni. La hasha. Madereva tunajua thamani ya utingo. Utingo huosha gari, hupiga nyundo matairi, huweka kigingi chini ya gurudumu, huamsha dereva saa kumi alfajiri. Safari bila utingo ni ngumu. Lakini leseni ni ya dereva, usukani ni wa dereva, na gari likianguka polisi hawamwulizi utingo nani alikuwa akiendesha. Mashine hii ni utingo. Tuipe kazi za utingo.

(a) Kuelewa maandishi magumu. Mikataba mingi huletwa kwetu kwa Kiingereza cha mawakili. Zamani tulitia sahihi kwa kuona haya kusema hatukuelewa. Sasa tunaipa mashine ukurasa mmoja mmoja itueleze kwa Kiswahili chepesi. Kisha tunaandika maswali yetu na kuyapeleka kwa mwanasheria. Faida hapa ni kwamba tunakwenda kwake tukijua tunachouliza.

(b) Kupanga barua. Katibu husema mambo matano anayotaka yaingie, mashine huyapanga. Baadaye katibu husoma na kurekebisha hadi barua iwe yake. Barua ambayo katibu hawezi kuieleza mbele ya meneja isitumwe.

(c) Kufanya mazoezi ya majadiliano. Kabla ya kukutana na mwajiri kuhusu posho ya safari, tuliiambia mashine ijifanye mwajiri mgumu atoe kila sababu ya kukataa. Ilitoa sababu nane. Tano tulikuwa na majibu yake, tatu hatukuwa nayo. Tukayatafuta kwa madereva wenyewe. Hili lilitusaidia sana.

(d) Kutafsiri tangazo. Katika maegesho yetu kuna Waganda, Wakenya, Wanyarwanda, Wakongo na Wasomali. Mashine husaidia tafsiri ya kwanza, kisha msemaji wa lugha hiyo husoma kabla halijabandikwa.

(e) Kufupisha kumbukumbu za mkutano ulioshikwa na katibu, mradi mwenyekiti alinganishe na daftari.

Kwa hesabu tuwe macho. Mashine ya maneno si mashine ya kujumlisha. Hesabu za saa za ziada na makato tuzifanye kwa kikokotoo, watu wawili, na kila mmoja afanye peke yake.

4. MAMBO MATATU YASIYOKABIDHIWA

Kuna mambo matatu ambayo kiongozi hakabidhi kwa utingo huyu: ukweli, siri na uamuzi.

Ukweli. Si sisi tu tuliopatwa. Mwaka 2023 mjini New York, mawakili walipeleka mahakamani hoja iliyotaja kesi 6 za zamani. Jaji alipotaka kuziona, hazikuwapo. Mashine ilikuwa imezibuni, majina ya mashirika na maneno ya majaji pamoja. Wakili mmoja hata aliiuliza mashine kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Jaji akawatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Hakusema kwamba kutumia chombo ni kosa. Kosa lilikuwa kutia sahihi kitu ambacho hawakukihakikisha, na kuendelea kukitetea baada ya kuulizwa.

Tujifunze hapo kwamba kuiuliza mashine kama ilisema kweli hakusaidii. Ni sawa na kumwuliza mshtakiwa awe jaji wake. Kuhakikisha ni kwenda nje ya mashine: kwenye kitabu cha sheria chenyewe, kwa mwanasheria wa chama, kwa afisa wa kazi, au kwenye mkataba uliotiwa sahihi. Tarehe, muda wa mwisho, kiasi cha fedha na namba ya kifungu ndivyo vitu vinne vya kuhakikishwa kila mara, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyompotezea mwanachama haki yake.

Siri. Mwanachama anapokuja ofisini hueleza mambo ambayo hata jirani yake hayajui. Mmoja ana ugonjwa, mwingine ana deni, mwingine anamshtaki msimamizi kwa kumtaka mwanamke wa usafi kimapenzi. Unapoandika hayo ndani ya mashine, maneno hayaishi ndani ya simu yako. Huenda kwenye kompyuta za kampuni, mara nyingi katika nchi za mbali, na huwezi kuyaita yarudi. Mwaka 2023 kampuni kubwa ya Samsung ya Korea Kusini iliwazuia wafanyakazi wake kutumia mashine hizi baada ya baadhi yao kuingiza humo siri za kazi. Ikiwa tajiri mkubwa kama huyo aliogopa, itakuwaje kwa tawi lenye daftari moja?

Katika tawi moja la jirani yetu, mjumbe alipiga picha barua ya hospitali ya mwanachama akaipa mashine imsaidie kuandika ombi la kazi nyepesi. Nia yake ilikuwa njema. Lakini jina, umri, kampuni na ugonjwa vyote vilikwenda. Angeweza kuandika tu: "dereva mmoja ana maradhi yanayomzuia kuendesha usiku." Barua ingekuwa ile ile, na siri ingebaki. Tena lipo suala la sheria. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za mtu binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo hazimhusu mwajiri peke yake. Chama chenye daftari la wanachama nacho kinahusika.

Uamuzi. Mweka hazina wetu aliwahi kushauri kwamba maombi ya mfuko wa misaada yapewe mashine ichague nani anastahili, ili viongozi wasituhumiwe upendeleo. Wazo hilo lilipendwa na wengi. Tulilikataa baada ya kujadili habari ya Uholanzi. Huko idara ya kodi ilitumia mashine kupanga ni wazazi gani washukiwe kudanganya katika fedha za malezi ya watoto. Moja ya alama za kushukiwa ilikuwa kutokuwa na uraia wa Uholanzi. Maelfu ya familia zilidaiwa fedha ambazo hazikuwa na deni nazo. Nyingine zilifilisika. Mwezi wa Januari 2021 serikali nzima ilijiuzulu kwa sababu hiyo. Mashine haikuondoa upendeleo bali iliuficha ndani ya hesabu, mahali ambapo mzazi hakuweza kuuona wala kubishana nao.

Na hata serikali au kampuni ikitaka kujificha nyuma ya mashine, haifai. Mwaka 2024 baraza moja la usuluhishi nchini Kanada liliamua kesi ya abiria aliyefiwa na bibi yake. Mashine ya kujibu maswali ya shirika la ndege la Air Canada ilimwambia anaweza kuomba punguzo la nauli baada ya kusafiri. Shirika likakataa kumlipa, likidai kwamba mashine ile yawajibika kwa maneno yake yenyewe. Baraza halikukubali. Shirika likaamriwa lilipe, kwa kuwa maneno ya mashine yake ni maneno yake.

Basi na kwetu ni hivyo. Mashine haisimami mbele ya mkutano mkuu na haigombei uchaguzi. Tena haikutani na mke wa dereva sokoni. Anayekutana naye ni sisi.

5. MWAJIRI NAYE ANAYO

Wenzetu wengi huona somo hili ni la barua na makaratasi tu. Lakini mwajiri naye anatumia mashine, na kwa nguvu zaidi. Magari mengi sasa yana vifaa vya kufuata njia na kasi, na mengine yana kamera ndani ya kabini inayotazama macho ya dereva na kutoa taarifa kwamba anasinzia. Kamera hizo zaweza kuokoa maisha, hatukatai. Swali letu ni moja: taarifa ya kamera ikifika ofisini, je, yupo mtu wa kumwita dereva na kumsikiliza kabla ya adhabu?

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 tuliyoitaja inampa mtu haki ya kudai kwa maandishi kwamba uamuzi mkubwa unaomhusu usifanywe na mashine peke yake. Sheria ya Kenya nayo ina haki ya namna hiyo. Tuiweke haki hii ndani ya mikataba yetu ya pamoja kwa maneno mepesi: dereva aonyeshwe kile ambacho kifaa kimeandika, aelezwe, asikilizwe, na mtu mwenye jina aamue na kutia sahihi.

Jambo hili lawezekana. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na vipindi vya televisheni nchini Marekani waligoma siku 148. Katika makubaliano waliyopata, kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia akili mnemba, na ikimpa maandishi yaliyotoka kwenye mashine ni lazima imwambie. Hawakuikataza mashine. Waliiwekea mipaka mezani, kama wafanyakazi wanavyofanya kwa kila chombo kipya.

Hapa ndipo tuliposhtuka sisi wenyewe. Turudi kwa ndugu yetu dereva. Mwajiri aliamini kifaa cha mafuta bila kumwuliza dereva, na sisi tukasema ni dhuluma. Kisha tukaamini simu bila kumwuliza mwanasheria. Kifaa kimoja kilimwita mwizi, kingine kilimwambia asubiri, na pande zote mbili walikuwapo watu wazima waliokaa kimya. Hatuwezi kudai mezani kwa mwajiri jambo ambalo ofisini petu hatulitendi. Mwajiri mjanja atatuuliza, nasi tutakosa la kusema.

6. MIKONO ILIYO NYUMA YA MASHINE

Mwana chama hapaswi kutumia chombo bila kuwajua waliokitengeneza. Mashine hizi hazikujifunza adabu zenyewe. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa Kenya walisoma na kuwekea alama maandishi ya mauaji, mateso na ubakaji ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, nao walipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo na za kuchuja picha na maandishi mabaya ya mitandao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Kwa hiyo unapopata jibu la adabu katika simu yako, kumbuka kwamba yupo kijana wa Nairobi aliyekosa usingizi kwa ajili ya adabu hiyo. Wale ni wafanyakazi wenzetu, na chama chao kinastahili kuungwa mkono.

7. KANUNI ZA TAWI LETU

Baada ya mambo hayo tulikaa katika mkutano mkuu wa tawi, tukamwalika na ndugu yetu dereva, tukapitisha kanuni hizi. Tawi lolote likitaka lizichukue na kuzirekebisha.

(i) Kiongozi akitumia akili mnemba katika kazi ya chama, aseme wazi na iandikwe katika faili.

(ii) Muda wa mwisho, tarehe, fedha na kifungu cha sheria visitumike mpaka mtu mwenye ujuzi avithibitishe nje ya mashine, na jina lake liandikwe.

(iii) Kesi ya kuachishwa kazi ipelekwe kwa mwanasheria wa chama ndani ya siku 3, hata kama tunadhani tunajua jibu.

(iv) Jina, namba ya simu, kampuni, ugonjwa na picha ya mwanachama visiingizwe katika mashine. Daftari la wanachama lisipigwe picha.

(v) Mashine isichague nani apewe msaada, nani aadhibiwe, wala nani asimamishwe uanachama.

(vi) Mwanachama akidhurika kwa jibu la mashine, kamati ndiyo yenye kosa, nayo itajieleza mbele ya mkutano.

Kanuni ya sita ndiyo iliyobishaniwa kwa muda mrefu. Wajumbe wengine waliona inatisha, na kwamba hakuna atakayekubali uongozi. Ndugu yetu dereva aliomba kusema. Alisema yeye aliendesha gari miaka mingi, na kila siku alijua kwamba likianguka ni juu yake. Kama kiongozi hataki hivyo, basi akae kiti cha utingo. Kanuni ilipita.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MATAWI

1. Katika tawi lenu, ni nani anatumia akili mnemba kwa kazi za chama? Je, wanachama wanajua?

2. Ni muda gani wa kupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi katika nchi yenu? Nani alithibitisha, na lini?

3. Someni mkataba wenu wa pamoja. Je, unasema lolote kuhusu kamera na vifaa vya kupima? Andikeni kipengele kimoja mnachotaka kiongezwe.

4. Chukueni barua moja ya zamani ya malalamiko. Ondoeni kila neno linaloweza kumtambulisha mwanachama. Je, bado yaeleweka?

5. Ni uamuzi gani katika tawi lenu ambao mngependa mashine iwasaidie kwa sababu tu mnaogopa kulaumiwa?

Msiliruke swali la tano. Kwetu ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote.

Ndugu zenu wa tawi la mpakani, Uganda.
Umoja ni nguvu.